Tani Mia Tisa na Tano, Kilo Mia Sita na Arobaini

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi hayakubali ngazi bila mabishano. Barua hii nampa yule dereva wenu mnayemwita Breki. Jana alishusha roli za kadibodi kwenye kiwanda cha maboksi kilicho chini ya chumba changu, akapanda kunisalimia, akamaliza chai yote birikani. Nilimuuliza jina hilo alilipataje. Akasema ni kwa sababu lori lake halina.

Unaijua kazi yangu ya uzeeni. Kila asubuhi nakwenda maktaba, naweka vitabu viwili vya takwimu kando kwa kando. Kimoja ni cha nyumbani, kinasema mwaka fulani tumeuza nje karatasi na kadibodi tani kadhaa. Kingine ni cha hapa, kinasema mwaka huohuo wamenunua kutoka kwetu tani kadhaa. Mzigo ni uleule na barabara ni ileile, lakini nambari hazilingani hata siku moja. Za hapa huzidi kidogo, kwa kuwa karatasi hunywa unyevu njiani. Nimelinganisha miaka ishirini na miwili sasa. Kiwanda kikisimama zinashuka pamoja, soko likichangamka zinapanda pamoja, na kati yao pana mwanya mdogo usiobadilika, kama mume na mke waliozoeana kutembea mmoja hatua moja nyuma ya mwenzake.

Isipokuwa mwaka mmoja, mwaka ule wa moto. Nyumbani wameandika waliuza hapa tani elfu moja mia moja na arobaini. Hapa wameandika walipokea tani elfu mbili na hamsini na nane. Nimeurudia ukurasa ule mara nne, mara ya mwisho kwa rula.

Tume ya uchunguzi ilisema tani zaidi ya mia tisa za kadibodi ziliteketea ndani ya Ghala la Pili, pamoja na wafanyakazi ishirini na watatu waliogoma, na kwamba aliyewasha kiberiti ni shemeji yangu, fundi wa rojo, ule uji wa kutengenezea karatasi, mume wako. Miaka sita nimeisoma taarifa ile na sikuwa na la kuijibu. Sasa nina swali moja. Kadibodi iliyoungua huko ilipokelewaje forodhani huku?

Wewe ndiye mpimaji wa mizani ya malori pale getini. Hakuna roli inayotoka bila kupita mbele ya dirisha lako. Wiki ile ulipima nini?

Kaka yako

19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua nimeipata, ina madoa ya grisi na harufu ya Breki.

Wiki ile mizani ilikuwa mbovu. Sikupima kitu. Vitabu huandikwa na watu, na watu hukosea; wewe mwenyewe uliniambia hivyo ulipokuwa karani. Kwani umekosa hadithi nzuri za kusoma huko, hata utafute hesabu za kiwanda chetu?

Nikupe habari za sasa, uache za zamani. Jumanne mashine ya kukaushia ilimvuta kijana wa zamu ya asubuhi, mkono mpaka begani. Wenzake wakazima umeme ili wamtoe. Mkuu wa walinzi akawachapa wanne waliozima, palepale, kijana bado yumo kati ya silinda akilia. Unajua tunamwita Mkanda, na hakuna haja ya kukueleza kwa nini; ila siku hizi amegeuza, anashika ngozi, anapigia upande wa chuma. Mmoja wa wale wanne haoni jicho la kushoto. Kijana alikufa kabla hawajamfikisha getini. Lori lililombeba lilipita kwangu, na kwa mazoea ya kijinga nikatazama limesoma ngapi.

Mimi hupitia mbele ya Mkanda kila asubuhi, na kila asubuhi ananiambia, "Mama Mizani, mwenye moto hajambo kaburini?" Nacheka, Kaka. Nina binti darasa la saba. Nacheka.

Usiniulize tena.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Samahani, nakuuliza tena, na baada ya hapa nitanyamaza.

Nimepata kitabu cha mpakani cha upande wa hapa. Katika siku tisa kabla ya moto yaliingia malori sitini na moja kutoka kiwandani kwenu. Mpakani wanakadiria tu, hawapimi; uzito halisi hupimwa kwa wanunuzi, nao hutoa jumla ya mwaka tu. Kila lori wameandika tani kumi na tano, wakaenda kula. Kwa hiyo nina malori, sina uzito. Mizani mbovu haiwezi kuruhusu malori sitini na moja, maana getini kwenu lori lisilo na tiketi ya mizani halifunguliwi. Nimekujua tangu ukiwa mgongoni kwa mama. Ukidanganya unafanya haraka, halafu unabadilisha mazungumzo.

Niambie jambo dogo tu. Ule moto ulidumu muda gani? Nauliza kwa sababu roli ya kadibodi imekazwa kama gogo. Huungua kutoka nje kuingia ndani, taratibu, na ghala lenye tani mia tisa lingefuka moshi wiki nzima, maji ya zimamoto yasifue dafu.

Shemeji alikuwa mtu wa kubishana na vyombo vya kazi kama vile vina masikio, na hakuwahi kuvuta hata sigara. Nimezeeka mbali naye. Sitaki nife nikiwa nimekubali kwamba aliwachoma wenzake.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Moto ulizimika kabla ya zamu ya jioni. Uliwashwa saa nane mchana, saa kumi na moja hapakuwa na kitu ila bati limejikunja na watu.

Haya, umeshinda. Kaa chini usome.

Wakati wa mgomo walinzi ndio waliopakia. Siku tisa, malori sitini na moja, Meneja mwenyewe amesimama na miwani yake nyeusi. Niliyapima yote. Aliniambia tiketi nisizipeleke ofisini, nimpe mkononi, nakala zote tatu. Nilimpa. Lakini Meneja ni mtu wa ofisi, hajui kaboni. Karatasi ya kaboni mpya ukiitumia mara moja inabaki na mwandiko; ukiiinua dirishani unasoma kila tarakimu. Sikuwa na nia yoyote. Mimi huzitunza ili nizitumie tena, ubahili wa mama yetu huo. Nikajikuta nazo sitini na moja, na tangu hapo ziko ndani ya mto ninaolalia. Nazijua kama watu wanavyojua sala.

Lori la mwisho lilipotoka niliona mlango wa Ghala la Pili wazi. Lilikuwa limefagiwa.

Kesho yake waliletwa ishirini na watatu, ati mazungumzo yatafanyika mle. Walipita mbele ya dirisha langu wawili wawili. Shemeji yako alikuwa mstari wa tatu. Alinikonyeza, akaashiria kwa kidole kwamba nimwekee chakula. Na mimi, Kaka, unajua nilichofikiri? Nilifikiri, afadhali, mle mna nafasi, watapata pa kukaa.

Hilo ndilo nililokuficha. Si mizani.

Walifunga kwa mnyororo. Mkanda alimwaga kitu cha manjano chini ya mlango, kutoka kwenye mtungi wa mafuta yale tunayosafishia roli za mashine. Waliokuwa ndani walipiga mabati kwa miguu. Ghala likiwa na kadibodi usingesikia kitu, kadibodi humeza sauti. Lile lilikuwa tupu, likavuma kama ngoma. Nilisikia kila teke. Watu wote wa kiwanda walisikia, na ndiyo maana hakuna anayetaja.

Jumla ni tani mia tisa na tano, kilo mia sita na arobaini. Sitaki hela yao wala pole yao. Nataka iandikwe mahali kwamba mume wangu alikufa ndani ya ghala lisilo na karatasi hata ya kufunga karanga. Andika, Kaka. Lakini jina langu liache.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana kiti kilikuwa mbali. Sikukujibu upesi kwa kuwa nilikuwa nafanya kile ulichoniomba, na nilitaka nikifanye kama kazi, si kama kilio.

Kimetoka. Breki anakuletea ukurasa wenyewe, ameuficha chini ya kiti cha lori. Ni jarida la watu wa biashara ya karatasi na kadibodi. Nililichagua kwa makusudi: magazeti ya kawaida yangepiga kelele siku mbili na kusahau, lakini wanunuzi wa kadibodi husoma jedwali mpaka mstari wa mwisho. Nimeweka miaka ishirini na miwili, nchi hizi mbili ana kwa ana. Msomaji anashuka na safu, mwaka baada ya mwaka, mwanya uleule mdogo, mpaka anafika mwaka wa moto na kuona shimo. Chini yake nimeandika sentensi saba tu. Ya mwisho inasema fundi wa rojo hakuwa na kitu cha kuchoma.

Nataka ujue kwamba hesabu yako imeketi pahali pake kama meno ya saa. Ukichukua tani elfu moja mia moja na arobaini walizokiri, ukaongeza zako mia tisa na tano na kilo mia sita na arobaini, kisha ukaongeza unyevu wa kawaida wa njiani, unapata elfu mbili na hamsini na nane. Bila kusukuma. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kuona mlingano kama huo. Mhariri alitaka aandike "takriban mia tisa" ili jedwali lionekane safi. Nilikataa. Nilimwambia ishirini na watatu wale wamepunjwa vya kutosha. Tani zimechapwa pamoja na kilo zake.

Jina lako halimo, wala kazi yako. Nimeandika "chanzo cha kuaminika". Na usiwe na hofu ya kusomwa huko: mhariri ameniambia katika nchi yetu nzima linakwenda nakala moja tu.

Kaka yako

20 Mei

Kwa Ndugu,

Mimi mwenye alama ya dole gumba hapo chini, mpimaji wa mizani ya kiwanda, nathibitisha kwa hiari yangu kwamba tarakimu nilizokupatia kuhusu Ghala la Pili nilizitunga kwa uchungu wa kufiwa. Mizani haikuwa ikifanya kazi katika kipindi kinachohusika. Uongozi wa kiwanda umenihurumia na uko tayari kunisamehe iwapo utaandika katika jarida hilohilo, bila kuchelewa, kwamba ulikosea. Binti yangu yuko salama chini ya uangalizi wa uongozi. Natumaini utatumia busara.

(alama ya dole gumba, mkono wa kushoto)

28 Mei

Mdogo wangu,

Natumia posta, kwa kuwa Breki sijamwona wiki tatu. Huenda yuko likizo. Najua barua hii itafunguliwa kabla yako. Wanaoifungua wasome vizuri.

Jana nilikwenda kwa mhariri. Nimeandika tangazo la kusahihisha: kwamba tani mia tisa na tano za jedwali langu zilitokana na chanzo kisichothibitika, kwamba tofauti ya mwaka ule huenda ikaelezwa na makosa ya uandishi mpakani, na kwamba naomba radhi kwa uongozi wa kiwanda. Litatoka toleo lijalo. Mhariri aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia ninayo.

Wewe unajua kuandika tangu una miaka mitano. Nilikushika mkono mwenyewe. Anayejua kuandika akiweka dole gumba, tena la kushoto, nimeelewa mkono wa kulia haupo kazini. Sikuhitaji kuelewa zaidi. Wafu wetu wamesubiri miaka sita, wataendelea kunisubiri mimi. Wewe na binti mko hai, na mimi nimewachagua walio hai. Kosa la kilo ni langu. Niliona fahari ya hesabu, sikuona kwamba tani ni za kila mtu lakini kilo zina mwenyewe.

Mruhusuni sasa, nyie mnaosoma. Nimefanya mlichotaka.

Kaka yako

17 Juni

Kaka,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko. Anayekuletea ni dereva mwingine. Mwamini.

Nakala moja, uliniambia katika barua ya Mei; niliipata juzi tu, Breki alikuwa ameificha ndani ya taa ya lori lake. Hiyo nakala moja huja kwa Meneja, Kaka. Nani mwingine nchini hapa asome bei za kadibodi?

Nikupangie mambo kama yalivyokuja. Meneja alishuka na jarida lako mpaka kwenye kibanda changu, Mkanda nyuma yake. Akalisoma polepole, kidole kwenye mstari. Akasema, "Tani hata forodha wanazo. Kilo mia sita na arobaini anazo nani?" Mizani yetu ndiyo peke yake husoma hivyo.

Kabla sijajibu lori la Breki likaingia, linatoka kwako. Walilisimamisha juu ya mizani. Chini ya kiti wakakuta ukurasa wako. Wakamshusha. Mkanda alianza na chuma cha mkanda, akachoka, akachukua lile pao la chuma la kufungulia magurudumu. Walimuuliza anayempelekea. Breki akasema anampelekea mama mkwe wake, anapenda sana takwimu. Walimvunja meno kwa hilo. Akaulizwa tena, akasema hilohilo, ingawa halikusikika vizuri. Sikusema kitu. Nilikuwa hatua nne, nyuma ya kioo, na sikusema kitu, mara ya pili katika maisha yangu. Alikufa kichwa kikiwa kwenye ngazi ya lori lake. Hakunitaja.

Kisha wakaweka mkono wangu kwenye bawaba za mlango wa kibanda na kuufunga mlango. Mara tatu, kwa sababu Mkanda alisema mara ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Mto waliuchana, kaboni wakazitia kwenye tangi la rojo, tangi la mume wangu. Barua ile ya dole gumba aliiandika karani wao. Binti alikuwa amefungiwa stoo ya gundi.

Nilikaa wiki tatu bila kulia, nikijua jambo moja tu: kaka yangu atajua hii si barua yangu, na hatabadilisha. Wewe uliikimbia nchi hii kwa kukataa kufuta mstari mmoja wa jedwali. Mama alikufa hajakuona kwa sababu ya mstari ule, na hakuwahi kukulaumu. Nilisema moyoni, waniue, lakini mume wangu ameshaandikwa.

Ukamfuta.

Najua kwa nini. Usinieleze. Ningekuwa wewe labda ningefanya vivyo hivyo, na ndiyo maana nina hasira kiasi hiki.

Meneja aliwaita watu wote uwanjani kusikia tangazo lako, wafanyakazi, madereva, na wajane ishirini na wawili wa wale wengine. Alilisoma kwa kipaza sauti. Alipofika "naomba radhi" mjane mmoja, ambaye mumewe alikuwa mstari mmoja na wangu, akanitemea mate. Akaniambia, "Mke wa kiberiti." Miaka sita walikuwa wakinikwepa. Sasa walikuwa na karatasi.

Nikasimama juu ya ukingo wa mizani. Kaboni zimekwisha, lakini nilikwambia, nazijua. Nikaanza. Lori la kwanza, namba yake, tani kumi na tano, kilo mia moja na themanini. Lori la pili. Lori la tatu. Meneja alicheka, akadhani nimerukwa na akili. Nilipofika lori la tisa dereva mmoja akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimia, "Hilo ni langu, lilipakiwa Ghala la Pili." La kumi na mbili, mwingine, hivyohivyo. Wajane wakaacha kunitazama mimi, wakawatazama madereva.

Mkanda alifyatua bunduki nikiwa lori la ishirini na sita. Hakunipata. Alimpata dereva wa lori la kumi na mbili tumboni, na shingoni akampata mjane yule aliyenitemea mate. Mjane alianguka amenishika gauni. Bunduki ya Mkanda ilikwama baada ya hapo, na madereva wakamfikia. Walikuwa na mapao yaleyale. Sitakuandikia walichomfanya. Nilikuwepo, sikugeuza uso, na sikuacha kuhesabu. Meneja alikimbilia mashine ya kukaushia, na waliomfuata walikuwa wenzake wa yule kijana wa zamu ya asubuhi. Silinda zilikuwa zinazunguka.

Binti ninaye. Hatutabaki hapa, askari watakuja na wataua wengi kuliko walinzi. Usitafute anwani yangu. Andika tena kwenye jarida lako au usiandike. Kwetu imeshasemwa.

Sauti ilinikatika lori la arobaini na moja. Kuanzia hapo walimalizia wao, kila mmoja na lori lake, tani na kilo. Kumbe nao walikuwa wamezibeba miaka yote. Wengine walikuwa na damu mikononi huku wakisema. Wakafika la sitini, wakanyamaza, maana la mwisho lilikuwa la Breki.

Nikalisema mimi. Tani kumi na nne, kilo mia nane na ishirini.

Mdogo wako